Ukimya wa Sebule ya Shemeji

Dada yangu alitufungulia mlango akiwa na simu mkononi, na kabla hata hatujasalimiana vizuri alishaanza kuipiga picha sebule yake mwenyewe. Alipiga makochi, akapiga mito, akapiga pindo la zulia, rimoti juu ya meza, pazia na mikunjo yake. Kisha akainama akapima kwa kiganja nafasi kati ya kiti cha mume wake na ukuta.

"Dada, nikuajiri?" nilimtania. "Watu wa kukumbuka kila kitu kilikaa wapi tunawatafuta kwa tochi."

Hakucheka. "Vueni viatu," alisema. "Na chochote mtakachokigusa, mniambie."

Nilidhani ni yale mambo yake ya usafi. Mimi nikiwa kazini sioni kitu ambacho hakimo kwenye kamera, na hapo nilikuwa kazini.

Tulikuwa tunamalizia filamu yangu ya kwanza ndefu, kichekesho cha majirani wawili waliogombania jogoo mpaka wakazeeka. Nimeipiga kwa vipande, miaka nenda miaka rudi, kila nilipopata siku ya bure na watu wa kuja bure. Kwenye ukoo wameshachoka kuuliza inatoka lini. Mjomba mmoja ananiita Kesho. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu, cha kifungua kinywa, na nyumba tuliyozoea kupigia picha, mwenyewe kaipaka rangi ya kijani bila hata kutupigia simu. Sebule ya dada ilifanana na ile ya zamani. Shemeji alikuwa safarini mpaka mwisho wa wiki.

Shemeji hapendi watu nyumbani kwake. Ukoo mzima ulilijua hilo, na ulilisema kwa kumsifu: mtu wa heshima zake, mtulivu, hana makelele. Hata mimi nilimpenda. Ndiye peke yake aliyekuwa akiniita Mwongozaji bila kucheka.

"Asijue," dada alininong'oneza. "Mkiondoka iwe kama hamkuja."

"Kudanganya macho ya watu ndiyo kazi yangu, dada. Ondoa shaka."

Tulikuwa wachache. Mpiga picha wetu ni Twiga, na ukimwona shingo huulizi kwa nini. Wa sauti ni Masikio. Mwigizaji alikuwa Mwalimu, mstaafu aliyeanza kuigiza baada ya kuchoka kukaa nyumbani na mkewe, au mkewe baada ya kuchoka naye, inategemea unamuuliza nani. Tulisogeza kiti cha shemeji dirishani. Tulishusha picha ya harusi, maana jirani yetu kwenye filamu hajawahi kuoa. Dada aliandika kila kitu kichwani, midomo ikimchezacheza.

Alipoingia jikoni kutuwekea chai, Masikio akalalamika kwamba saa ya ukutani inapiga kelele. Twiga akanyoosha mkono, akaishusha, akasogeza mishale mpaka saa mbili na robo ya asubuhi, akatoa betri na kuitundika tena palepale. Betri akanipa mimi, nikaitia mfukoni. Kwetu hilo ni jambo la kawaida kabisa. Kwenye filamu saa hairuhusiwi kutembea, kwa sababu ukirudia picha ileile asubuhi na mchana, saa itakuumbua mbele ya watazamaji.

Kazi ilikwenda vizuri mno. Mwalimu aligombana na yai la kuchemsha mpaka tukang'ata mikono ya mashati tusicheke kwa sauti. Dada peke yake hakucheka. Alisimama kwenye mlango wa jikoni, macho dirishani.

Mwisho kabisa tulirekodi ukimya. Kila chumba kina ukimya wake, na usipoubeba utakosa cha kuzibia mapengo kati ya maneno wakati wa kuhariri. Kwa hiyo watu wote husimama palepale walipo, hakuna kukohoa, hakuna kujikuna, Masikio anasikiliza na mashine inazunguka. Mimi huupenda wakati huo. Ni kama sala ya watu wasiosali.

Gari likaingia mtaani. Likapunguza mwendo karibu na geti.

Masikio alikunja uso. Akavua hedifoni taratibu, akanivika mimi. Nilitegemea kusikia gari, lakini nilichosikia ni mtu anahema. Pumzi fupifupi, za mdomoni, za mtu aliyekimbizwa akajificha, na anajua anatafutwa. Nikageuka. Dada alikuwa ameegemea mlango wa jikoni, amefumba macho, kiganja kimeziba mdomo.

Gari likapita, likapotea. Ile pumzi haikutulia.

Nimewaelekeza waigizaji wengi kuogopa. Nimewaambia zaidi, zaidi, tena. Hakuna aliyewahi kunipa sauti ile, na nilipoisikia mwili wangu wote ulisisimka. Hofu ilinishika pale, na mpaka leo haijaniachia. "Kata," nilisema, nikamfuata.

"Dada. Anakupiga?"

"Rudisheni vitu, mdogo wangu."

"Nakuuliza..."

Simu yake ikatetemeka mkononi. Aliisoma, na rangi ikamtoka usoni. "Kakatisha safari. Ameshaingia mjini."

Sijawahi kuona watu wazima wakikimbia hivyo bila kutoa sauti. Dada alishika simu yenye zile picha, sisi tukawa mikono yake. Kiti kando, hapana, nyuma kidogo. Mto huu uso wake ni ule wenye ua. Picha ya harusi imelala kushoto, inyanyue. Alipima kwa kiganja, akapima tena. Twiga, Masikio na Mwalimu wakatoka kwa mlango wa nyuma na vyombo vyao pamoja na kazi ya siku ile. Mimi nilibaki kulainisha zulia, na mkoba wangu uko pembeni ya kochi. Ndani yake kulikuwa na diski yenye filamu nzima. Mkoba huo sikuwa nikiuacha hata nikienda chooni, kwa kuogopa wezi. Nakala ya pili ilikuwa ahadi tu. Kila mwezi nilisema nitanunua diski nyingine.

Geti likalia.

"Ah, Mwongozaji!" Shemeji alinipa mkono, akauliza habari za mama, akaketi kwenye kiti chake. Macho yake yakaanza kutembea. Yalianza kushoto, kwenye pazia, yakashuka zuliani, yakapanda mezani, yakapita kwenye mito mmojammoja, bila haraka. Hivyo ndivyo ninavyokagua mimi kabla ya kusema eksheni, nikitafuta kilichosogea.

Hakukuwa na kilichosogea. Dada alisimama wima, mikono nyuma. Nilianza kupumua.

Ndipo akatazama ukutani, akatazama saa ya mkononi mwake.

"Saa imesimama," alisema.

"Betri itakuwa imekwisha," dada alidakia, upesi mno.

Aliinuka, akaishusha, akaigeuza nyuma. Akapitisha kidole kwenye tundu la betri. "Imekwisha mpaka imetoka yenyewe," alisema, na akatabasamu. Tabasamu lilielekea kwa dada, si kwangu.

Betri ilikuwa inaniunguza mfukoni. Nikaitoa, nikaiweka mezani. "Ni mimi, shemeji. Tulipiga picha hapa kidogo. Dada hakutaka, nilimlazimisha."

"Si ungesema tu!" Alicheka. "Nyumba ni yako hii." Akaichukua betri, akairudisha mahali pake, akaseti mishale kwa kufuata saa yake, akaitundika, akainyoosha kwa kidole kimoja. Bado ametupa mgongo, akasema kwa upole uleule, "Msindikize mdogo wako mpaka getini. Halafu rudi, tuongee."

Nilivaa viatu akili haipo, sijui hata kama nilivifunga. Tulitembea hadi getini, dada peku.

"Nenda," alininong'oneza. "Ukikaa ndiyo inakuwa mbaya zaidi."

Nilimshika mkono. "Twende wote."

"Sina viatu."

"Vaa vyangu."

Alinitazama, akatazama mikono yangu mitupu, na nikaona anakumbuka kabla yangu. "Mkoba wako! Filamu yako imo mle!"

Tukageuka. Shemeji alikuwa ameshatoka barazani, mkoba unaning'inia mkononi mwake. "Mwongozaji, umesahau mzigo wako," aliita, mpole kama mtu anayegawa pipi. Hakushuka ngazi. Alingoja.

Naomba nisijifanye shujaa. Nilipiga hesabu. Nilimwona Mwalimu na yai lake, niliona miaka yote ile, nikafikiri: ni hatua chache tu, nachukua, narudi. Miguu ilishaanza kunitangulia.

"Subiri," dada alisema, akachopoa mkono wake kwangu. "Ngoja nikuchukulie mimi. Wewe asije akakugusa."

Na akaanza kwenda. Peku, kichwa chini, kwa hatua za mtu anayejua kinachomngoja na ameshakikubali, ili mimi nipate filamu yangu ya jogoo.

Nilimfikia, nikamkumbatia kwa nyuma nikamvuta. Alinipiga viwiko, akisema imo mle, mdogo wangu, imo yote mle. Sikumwachia mpaka tulipokuwa nje, geti limefungwa. Hakutufuata, na hilo liliniogopesha kuliko kama angetufuata.

Sasa dada analala chumbani kwangu. Shemeji hupiga simu kila baada ya siku kadhaa, sauti laini. Anasema mkoba upo, hajaugusa, anautunza. Dada yangu aje tu mwenyewe auchukue. Ukoo unasema mtu mwenye moyo mbaya asingeutunza. Mjomba anasema twende tukayamalize, na filamu itoke.

Nilichobaki nacho ni alichobeba Masikio siku ile: Mwalimu na yai, na kipande cha ukimya. Juzi mchana niliuweka ule ukimya kwenye spika, nikasikiliza. Dada akaja kutoka jikoni, anafuta mikono, akasimama karibu nami na kutega sikio.

"Nani huyo?" aliuliza. "Mbona anaogopa hivyo?"

Niliizima spika. Nje gari lilipunguza mwendo, na sote wawili tukautazama mlango.