Sura ya Vesta kwenye Mpini wa Revolva

Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2003. Sakitu ilikuwa imelala juu ya malisho yote ya kaunti, na jua lilipotoka halikuiyeyusha mpaka saa nne.

Vesta Dunnigan, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, alipiga magoti kando ya kitanda, akasali, kisha akachana nywele kwa kupapasa. Kioo kilikuwapo ukutani. Kilionyesha kitanda, dirisha, na gauni la buluu lililosimama wima bila mtu ndani yake. Vesta hakukitazama. Kilikuwa hivyo tangu Aprili 1944.

Pale kanisani kwao Missouri walikwisha kulizoea jambo hilo. Kila baada ya miaka mitano mpiga picha alikuja kutengeneza kitabu cha picha za waumini, na kila mara juu ya jina la Vesta ilitokea kola, bruchi, ile pini ya pambo ya mama yake, na pazia la nyuma. Leseni yake ya udereva ilikuwa hivyo hivyo. Siku moja askari wa barabarani aliitazama leseni, akamtazama yeye, akasema kola zinafanana, akamruhusu aende.

Lakini mwezi Oktoba daktari wa macho alimweleza ukweli. Macho yake yangefika Krismasi, pengine wiki mbili zaidi, kisha giza. Vesta alikuwa amevumilia miaka hamsini na tisa bila kujiona. Alianza kumwomba Mungu amwonyeshe uso wake mara moja tu, hata kama umeharibika.

Wiki iliyofuata Twila, binti wa kaka yake, alimletea tangazo la maonyesho ya silaha. Katikati ya tangazo palikuwa na picha ya mpini wa revolva, na ndani ya mpini alikuwamo msichana anayecheka.

"Shangazi, huyu si wewe?"

"Ndimi," alisema Vesta. "Hata hilo shungi lililokataa kulala."

Kwa hiyo Jumamosi hiyo walikwenda uwanja wa maonyesho wa kaunti, katika banda ambalo Agosti hushindanishwa ndama. Lilinuka mafuta ya bunduki na kahawa. Meza ya Royce Tackett ilikuwa karibu na mlango. Royce hakuthamini sana bastola zenyewe. Alikusanya mipini, ile ya zamani iliyochongwa kwa mkono kwa ajili ya mtu mmoja: wa pembe ya paa wenye herufi za jina la mwenyewe, wa mti wa mjozi wenye chapa ya ng'ombe wa ukoo, na ile ambayo wanajeshi waliitengeneza kutokana na vioo vya plastiki vya ndege zilizoanguka, wakaweka picha ya mpenzi chini yake. Ya aina hiyo alikuwa nayo thelathini na moja. Wanawake thelathini na mmoja walikuwa wakitazama juu kutoka kwenye kitambaa chekundu.

Mbele ya Vesta palikuwa na kadi: MSICHANA ASIYEJULIKANA. MPENZI WA RUBANI ALIYEZAMA PASIFIKI.

"Hakuwa rubani, na hakuzama," alisema Vesta. "Alikuwa fundi wa ndege. Glenn Ballew. Alirudi salama, akaoa binti wa daktari wa meno, akauza matrekta mpaka mwaka themanini na saba."

Royce aliinua macho. "Na wewe ni nani, bibi?"

"Mimi ndiye huyo anayecheka."

Odell, aliyekuwa akiuza mikanda ya ngozi meza ya jirani, alitema maganda ya alizeti kwenye kikombe. "Royce, umeshikwa! Ulimzamisha mtu mzima na matrekta yake!"

"Nyamaza, Odell. Bibi, mimi nimesikia hadithi nyingi kwenye meza hii. Kama hakuzama, bastola ilimtokaje mkononi?"

"Glenn aliipoteza kwenye karata, melini, wakirudi. Nilipomdai picha yangu, ile niliyompa Aprili 1944, alisema, 'Samahani, Vesta, imeenda na bastola.' Lakini mpini aliutengeneza yeye. Aliniandikia kwamba aliukata kwa msumeno wa chuma na kuung'arisha kwa dawa ya meno."

Wanaume kadhaa walisogea. Wakusanyaji wa mipini hawaamini mdomo wa mtu. Huamini upande wa ndani, ule unaolala juu ya chuma, kwa kuwa hapo fundi huandika asichotaka kionekane. Na skrubu ya mpini huu haikuguswa tangu vita. Royce alijivunia hilo kuliko alivyojivunia nyumba yake.

"Nyuma ya picha uliandika nini?" aliuliza.

Vesta aliwaambia. Royce aliigusa skrubu kwa kidole gumba. Kisha akachukua bisibisi ndogo, akapumua, akaizungusha skrubu. Kibao cha mpini kilitoka. Nyuma ya picha, kwa wino uliokuwa bado mweusi, palikuwa pameandikwa: *Glenn, nirudishie hii ukirudi. Sina nyingine. Vesta.*

Hapo hapo, katika kioo kirefu ambacho Odell alikiweka ili wateja wajitazame na mikanda yao, alitokea bibi kizee aliyeinama, mwenye mashavu makavu na kidevu kigumu. Wanaume wote walimwona. Mmoja alivua kofia. Vesta hakumwona, kwa kuwa alikuwa ameinamia mwandiko wake, akiusoma kwa macho yake mabovu.

"Shangazi, geuka!" Twila alipiga kelele. "Kwenye kioo! Geuka!"

Vesta aligeuka, lakini shingo ya miaka sabini na tisa haina haraka. Royce, akihofia plastiki kuukuu isipasuke kwa baridi, alikuwa ameshakirudisha kibao na kukaza skrubu. Vesta aliona sikio moja na nywele nyeupe kidogo. Kisha akaona gauni.

"Ulikuwa hapo, bibi," alisema Odell kwa upole. "Umezeeka vizuri. Unanikumbusha mama."

Royce hakusikia. Alikuwa akiandika kadi mpya kwa herufi kubwa. Sasa mpini ulikuwa na jina, na fundi, na maneno. Aliandika pia barua ya ushuhuda, akamwomba Vesta atie sahihi. Vesta aliisoma mara mbili, akatia sahihi kwa sababu yote yaliyomo yalikuwa kweli.

"Sasa nipe picha yangu," alisema.

"Haiwezekani, bibi. Ikitoka, inabaki plastiki tu."

"Imeandikwa nirudishie."

"Aliambiwa Glenn, si mimi. Mimi niliununua kwa haki, kwa mtu aliyeununua kwa haki."

"Basi legeza tena. Dakika moja. Macho yangu hayatavuka Krismasi."

Royce aliitazama skrubu. Kichwa cha skrubu kilikuwa na mkwaruzo mpya, na mkwaruzo huo ulimuuma. "Mara ya kwanza ilikuwa ya ushahidi," alisema. "Nikilegeza tena, itakuwa ni kuharibu."

"Royce Tackett!" alisema Twila. "Na Jumapili kanisani kwenu unapitisha sahani ya sadaka!"

"Dakika moja haikuli, bwana," alisema Odell. Wengine walinung'unika. Mtu alisema ni aibu, na mwingine akasema mali ni mali, na wote wakawa wanamtazama Royce. Royce alikuwa na miaka hamsini na moja. Kila asubuhi alikimbia maili nne kabla ya chai, na baba yake, mwenye miaka tisini, alikuwa nyuma ya meza akimega keki kwa meno yake mwenyewe.

Royce aliufungia mpini ndani ya sanduku la kioo, akavua kofia, akaweka mkono kifuani.

"Ndugu zangu, nyote ni mashahidi," alisema, na machozi yalimlengalenga kwa wema aliouona ndani yake. "Bibi Vesta, naahidi mbele za Mungu na mbele ya hawa wote: siku nitakayokufa, uso wako utaletwa mpaka mlangoni kwako."