Bado Yule Mwekundu

Alikamata pembe za mtamba wa tisa, akauegemeza mgongo kwenye mlango wa zizi asije akaanguka. Mimba yake mwenyewe ilikuwa ya miezi sita. Tangu alfajiri kule chini kwake kulikuwa kunawaka moto, na kila alipokwenda haja ndogo aliuma upindo wa kanga asipige kelele.

"Shikilia, shemeji," bwana mifugo alisema, akivuta dawa kwa bomba la sindano. "Huyu ana kiherehere kama mwenyekiti wetu."

Mumewe akacheka.

Dume wao ndiye aliyeleta balaa. Alipanda mitamba, mimba zikaporomoka. Bwana mifugo hakuficha: "Ugonjwa wa kupandana huo. Dume hatibiwi peke yake. Kila jike aliyepandwa achomwe sindano, la sivyo mnatwanga maji kwenye kinu."

Maneno hayohayo nesi wa zahanati alimwambia yeye juma lililopita. Ugonjwa uliomuua mtoto wake wa kwanza tumboni ungali naye, na huyu wa pili atamfuata. "Mlete mumeo mtibiwe pamoja. Bila yeye sikupi dawa."

Alimnong'oneza mama mkwe. Mama mkwe akamziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza, mwanangu. Ukisema unaumwa huko, wataanza kuuliza umelala na nani. Mimi nilizika watatu, nikanyamaza."

Na alinyamaza. Alinyamaza hata kuhusu ile siku alipomkuta mumewe nyuma ya nyumba, suruali imeshuka, akijidunga dawa ya ng'ombe. Siku hiyo hapakuwa na ng'ombe mgonjwa hata mmoja; mgonjwa alikuwa yeye.

Sasa bwana mifugo alikuwa anafuta sindano. "Tumemaliza?"

"Tumemaliza," mumewe alijibu.

"Bado..." Sauti ilimtoka mke kabla hajaikamata.

Fimbo ya mumewe, iliyokuwa inachorachora vumbi, ikatulia. "Bado nani?"

Mtoto akageuka tumboni, polepole. Bwana mifugo alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, chupa ya dawa mkononi. Mama mkwe, mlangoni pa nyumba, aliacha kupepeta.

"Bado yule mwekundu," alisema, akinyoosha kidole kwa mtamba aliyejitenga pembeni.

"Kweli bwana! Mkeo ana macho."

"Kwangu mimi," mumewe alisema, akitanua kifua, "hakuna jike anayeachwa."

Wakamleta yule mwekundu. Mke akashika pembe. Sindano ikazama kwenye paja la mtamba, na mtamba hata hakulia. Aliyeuma upindo wa kanga ni yeye.