Nusu Iliyobaki

Kabla mteja wa kwanza hajaingia, mfagizi alikwisha piga deki chumba cha matibabu na kubadili shuka la kitanda, na sasa alikuwa akiifuta mashine ya leza kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Kile kioo kidogo kichwani mwa mashine, ambacho mwanga hupitia kabla ya kuifikia ngozi, alikifuta mara ya pili. Leo zamu ya mwanga ule ilikuwa yake.

Kliniki ilimwajiri afagie, lakini jina alilipata kwa kazi nyingine. Mashine ilipoletwa, Madamu, mwenye kliniki, alitaka uso wa kuwaonyesha wateja. Fundi wa mashine alipendekeza uso wa mfagizi, kwa kuwa ujana wake wote aliumaliza juani akiponda kokoto, na jua lilikuwa limemwachia madoa meusi mashavuni na mikunjo mizito pembeni mwa macho. Wakamtibu upande wa kushoto peke yake, kikao baada ya kikao, hata madoa yakafifia na shavu likawa laini kama la mwanamwali. Upande wa kulia waliuacha ulivyo, kwa ahadi kwamba utafuata karibuni. Tangu hapo, kila mteja alipositasita, sauti ya Madamu ilisikika kutoka ofisini: mwiteni Nusu. Naye huweka ndoo chini, akajifuta mikono, akasimama chini ya taa na kugeuzwa huku na huku. Msichana wa mapokezi ndiye aliyembandika jina hilo kwa utani. Utani ulikwisha, jina likabaki.

Asubuhi hiyo palikuwa na bei mpya ukutani. Msichana wa mapokezi alikuwa amekwisha ibandika juu ya ile ya zamani, ambayo nayo haikuwa na umri. Mfagizi aliitazama mara moja tu. Kikao kimoja kilikuwa kimeupita mshahara wake wa mwezi, na hakuwa na haja ya kupiga hesabu ili kuliona hilo.

Binti yake alikuwa anaolewa mwezi ujao. Jana, walipokuwa wakikunja nguo, binti alizunguka maneno kwanza, kisha akasema huku akitazama shuka mikononi mwake:

"Mama, mpiga picha anauliza akuweke kulia kwangu au kushoto. Sikujua nimjibu nini."

"Mwambie popote," mama alisema. "Siku hiyo nitakuwa na uso mmoja."

Hakuwa akijisifu. Fundi alikwisha mweleza kwamba ngozi haipelekwi mbio. Wakianza leo, upande wa kulia utaiwahi harusi, na wakichelewa, hautaiwahi. Madamu mwenyewe ndiye aliyeitaja siku ya leo, mbele ya fundi na msichana wa mapokezi.

Wateja walipopungua, fundi alimwita. Alilala kitandani kwa mara ya kwanza tangu mvua zile zilizopita. Fundi akampaka jeli baridi shavu la kulia, akamvisha miwani ya giza.

"Tulia, shangazi. Unajua inavyouma, sikudanganyi."

"Washa tu, mwanangu."

Mashine ilianza kunguruma. Ndipo mlango ukafunguliwa, na sauti ya Madamu ikasema kwa upole usio wa kawaida yake kwamba kuna mgeni.

Mgeni alikuwa mkaguzi wa afya. Alikuja kutazama cheti cha fundi, na fundi hakuwa nacho, kwa sababu mashine ile alifundishwa na wale walioiuza, kwa siku chache, kisha wakaondoka. Mkaguzi hakufoka. Alikaa ofisini, akanywa maji, akasifu mapazia, akaeleza kwamba yeye si mtu wa kuharibia watu riziki. Halafu akataja kwamba mkewe yuko garini, na kwamba siku hizi analalamikia madoa ya usoni. Habari ya cheti ikaishia hapo.

"Shangazi, mpishe mama kidogo," alisema fundi bila kumtazama.

Alishuka kitandani, jeli ikimtiririka shavuni, akaifuta kwa ncha ya ushungi wake. Mke wa mkaguzi aliingia. Alipotaka kuhakikishiwa, mfagizi aliwekwa chini ya taa kama siku zote, ageuke kushoto, ageuke kulia. Mama yule akasema ama kweli, na akapanda kitandani palepale ambapo joto la mwenzake lilikuwa halijatoka.

Mfagizi alingoja mpaka mashine ikanyamaza, gari likaondoka, kisha akaenda ofisini na kusimama mlangoni.

"Madamu, sasa ni zamu yangu."

Madamu alivua miwani yake, akayasugua macho. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka kama yeye.

"Mama yangu, hebu tufikiri pamoja. Nikikumaliza, nitawaonyesha nini watu? Utakuwa mwanamke mwenye ngozi nzuri, basi. Watasema alizaliwa hivyo. Na maonyesho ya biashara ndiyo hayo yanakuja. Yapite kwanza, tutaangalia."

"Binti yangu anaolewa kabla ya hapo."

"Hongera sana. Basi wakupige picha upande wa kushoto. Kushoto umependeza, wallahi."

Mfagizi alikwenda stoo, kati ya ndoo na maboksi ya glavu, akatia udhu kwa ajili ya adhuhuri. Alipoosha uso, kiganja cha kushoto kilipita juu ya hariri, cha kulia juu ya ardhi iliyopasuka, na maji yakashuka yakakutana kidevuni. Alisali akakaa kwenye mswala kitambo. Kisha akainuka, akamalizia vyoo.

Alipotoka kazini, jua lilikuwa bado kali. Kliniki ilikuwa imempa krimu ya kukinga jua na mwavuli mkubwa wenye jina lao, akaambiwa asikose kuutumia, kwa maana ngozi iliyofanywa upya hulinywa jua kama kitambaa kikavu kinavyonywa maji; wiki chache tu, na madoa yatarudi yote. Kwa hiyo kila siku alipita upande wenye kivuli, akibana ukuta wa maduka.

Leo alivuka barabara. Jua lilimjia kutoka kushoto, zito, lile lile la kwenye kokoto. Alisimama kwenye bomba la maji, akaiosha krimu yote, akauweka mwavuli kwapani na kuendelea kwenda polepole, ushungi umerudishwa nyuma ya sikio la kushoto. Jua halina foleni, na halimpishi mke wa mtu.

Binti alikuwa uani akianua nguo. Alimwona mama yake, akaona jasho, akauona mwavuli uliofungwa.

"Mwavuli umevunjika, mama?"

"Mzima."

Mama aliuegemeza ukutani, akavuta kigoda, akakiweka pale ambapo jua lilikuwa halijaondoka, akaketi na kuligeuzia shavu la kushoto.

"Yule mpiga picha," alisema, "ulimwambia?"

"Bado."

"Mwambie popote."