Nani Ameshika Usukani?

Siku ya thelathini na tisa, Kaliroi alitandaza ngano iliyochemshwa, ya kugawiwa watu kaburini, juu ya shuka safi mezani ili ikauke, akaketi, akakitazama kitabu. Kesho yake ilikuwa arobaini ya mumewe, Stratis. Hapo kisiwani kila mtu anajua: roho ya marehemu huzungukazunguka nyumbani siku arobaini, kisha huyoo, imekwenda. Na Stratis alikuwa amemwachia kazi. Kitandani, huku akitafuta pumzi, alimwambia, "Malizia wewe. Uje uniambie kama walioana."

Zilibaki kurasa sitini. Kaliroi hakuwa amethubutu kufungua hata mmoja.

"Lete hapa," akasema wifi yake, Marigo, akijifuta mikono. "Kaka yangu haendi ahera na kiu ya kitabu."

Kilikuwa kitabu cha mapenzi ya zamani baharini: Nahodha Leandro, binti wa gavana, na busu kwa kila wimbi. Stratis, aliyefanya kazi ya serahangi, msimamizi wa mabaharia melini, kwa miaka thelathini na moja, alikuwa akimsomea mkewe kila alasiri, akilaani na kuandika kwa penseli pembeni. Leandro alipomkumbatia binti kwa mikono yote miwili, Stratis aliandika: *Nani ameshika usukani?* Alipotweka matanga yote katikati ya dhoruba: *Mwendawazimu. Mfungeni.*

Kuanzia ukurasa wa mia mbili na kumi na moja, pembeni palikuwa peupe.

Marigo alisoma kwa sauti nene ya kinahodha. "'Leandro akatia nanga katikati ya bahari kuu, ili usiku ule usiishe...'"

"Katikati ya bahari kuu?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Maji ya pima elfu mbili! Mnyororo kaupata wapi, kwa shangazi yake?"

Wakatazamana. Marigo akajikaza, midomo ikamchezacheza, mwisho kicheko kikamponyoka kama mbuzi aliyekata kamba. Kaliroi naye akaangua, akajishika mbavu, akaigonga meza, ngano ikaruka hadi sakafuni.

"Polepole, wifi! Majirani watasema tumelewa msibani!"

"Waache waseme. Soma! Na hiyo penseli nipe mimi."

Binti wa gavana alitumbukia baharini na gauni lake, akatolewa nywele zikiwa kavu. Kaliroi akaandika pembeni: *Nauliza anapaka mafuta gani.* Wakacheka upya. Wakaokota ngano, wakasoma, wakacheka, hadi Marigo akageuza ukurasa wa mwisho, akatazama jalada, akarudi nyuma.

"Kimeisha."

"Kimeishaje?"

"'Meli ikapotelea ukunguni.' Basi."

"Wameoana?"

"Hakusema."

"Kurasa mia mbili na sabini, hakusema?"

"Mungu amsamehe huyo mwandishi. Mimi simsamehe."

Kaliroi akaiweka penseli chini. Kicheko kilikuwa kimemkauka. "Sasa kesho nimwambie nini, Marigo?"

Marigo akakifunga kitabu.

Asubuhi, padri alipomaliza sala kaburini na watu wakitafuna ngano yao, iliyochanganywa na punje za komamanga, kutoka kwenye vifuko vya karatasi, Kaliroi aliinama karibu na msalaba.

"Wameoana, Stratis," akanong'ona. "Humo humo melini. Na usukani usiwe na wasiwasi nao. Alishika serahangi."

Nyuma yake Marigo akapaliwa na komamanga. Padri akageuka, akawaona wanawake wawili wenye nguo nyeusi, wameshikana, mabega yakiwatikisika. Akawasogelea kwa huruma kuwapa pole.