Matonge ya Maame Pokuaa

Kila Jumanne saa saba mchana, Serwaa na mama yake, Maame Pokuaa, walikula fufu, muhogo na ndizi zilizotwangwa, kwa supu ya mbuzi katika mgahawa wa Anti Mansa, nyuma ya gereji za mtaa wa Suame, wote wawili katika bakuli moja la udongo. Sukari ya Serwaa ilikuwa imepanda, na kidole kimoja cha mguu wa kushoto kilikwisha kukatwa. Nesi wa kliniki alimpa daftari aandike kalori za kila anachokula nje ya nyumba. Mgahawani hakuna mizani, na mpishi ukimuuliza ametia mafuta kiasi gani atakuuliza kama umekuja kula au kupekua chungu. Kwa hiyo nesi alimfundisha kukisia. Donge la fufu la ukubwa wa ngumi mbili, mia saba. Supu, mia mbili. Vipande vinne vya nyama, mia tatu. Jumla elfu moja na mia mbili. Serwaa aligawanya kwa mbili, kwa kuwa walikuwa wawili, akaandika mia sita.

Miezi mitatu aliandika mia sita, na miezi mitatu alinenepa.

"Bi Serwaa, unanidanganya," nesi alisema. "Mwili hauli maneno. Nenda kahesabu matonge, achana na kuhesabu watu."

Jumanne iliyofuata akahesabu matonge. Yake yalikuwa thelathini. Mkono wa mama uliingia bakulini, ukatoka, ukaenda mdomoni, na mama akameza. Serwaa aliutazama vizuri kwa mara ya kwanza maishani mwake. Haukuwa na kitu. Watu husema mkono mtupu haulambwi, lakini huu ulilambwa, kidole kimoja kimoja, kwa adabu zote, kisha ukarudi bakulini kumsogezea Serwaa nyama. Akaandika: mama, sifuri.

Alishika kalamu akaanza kuhesabu kurudi nyuma.

"Mama, asubuhi ulikula nini?"

"Uji."

"Ukaumaliza?"

"Wajukuu wa jirani walikuwa wananitazama."

"Na Krismasi?"

"Mlikuja wengi, mwanangu."

Akarudi mwaka hadi mwaka, akapitia harusi yake na mazishi ya baba yake, na kila mahali alimkuta mama amesimama na upawa mkononi akiwagawia wenzake. Sifuri zilijaza kurasa mbili. Akafika mwaka wa themanini na tatu, moto ulipoteketeza mashamba ya kakao, wahamiaji waliofukuzwa Nigeria wakarudi nyumbani, na watu wakachimba mizizi porini. Serwaa alikuwa na miaka sita. Alikisia kiazi kikuu kimoja kwa siku mbili. Kilianzia kwa baba, kikapita kwa wageni wa baba, kikaja kwa watoto. Kilichobaki kwa mama alikijumlisha mara tatu, kisha akapiga mstari.

"Kwa hesabu hii ulikufa mwezi wa Agosti," alisema.

"Julai," Maame Pokuaa alimsahihisha. "Mwishoni. Nilikuwa nakuogesha."

Anti Mansa alikuwa akipita na birika la maji ya kunawa. "Dada, kumbe hukujua? Mbona wa namna yake wako wengi. Jumapili wakitoka kanisani wanajaa benchi lile lote. Hawana usumbufu, wenyewe nawapa maji ya kunawa tu, basi."

Meza ya pili mwanamume alikuwa akivunja mfupa, na mke wake, binti mdogo tu, alichovya mkono kwenye bakuli, akautoa, akameza. Serwaa aliangalia pembeni.

Akafinyanga tonge dogo, la mtoto, akalipeleka mdomoni mwa mama.

"Kula, mama. Nakuomba. Moja tu."

"Nikimeza moja, njaa yote itarudi. Sasa hivi hainiumi."

"Kwani wakati ule kwa nini hukula?"

"Nilikuwa nakusubiri ushibe. Nilijiambia, mtoto akisema nimeshiba, nami nitakula kitakachobaki." Maame Pokuaa aliurudisha mkono wa bintiye taratibu. "Hukusema."

Serwaa alilia pale pale mbele ya wateja, machozi yakidondoka kwenye supu, na hakuna aliyegeuka. "Nimeshiba, mama," alisema. "Leo nimeshiba kabisa."

Mama alimshika kidevu akamtazama machoni, kisha akamminya tumbo kwa vidole viwili.

"Mwongo wewe," alisema kwa upole. "Kula kwanza. Mimi nitakula baadaye."

Akamsogezea kipande cha mwisho cha nyama, na Serwaa akakila.