Gesti ya Wana wa Paroshi

Siku ile mjinga alikuwa Bwanausi, na ukimuuliza leo hakatai. Anachobishia ni kiasi tu. Wengine huponzwa na mapenzi, wengine na pombe. Yeye aliponzwa na kitabu cha Ezra.

Bwanausi alikuwa dereva wa malori. Amelala Chalinze chini ya tela mvua ikimnyeshea miguu, amelala kwenye magesti ambayo mto wa kulalia unanuka kichwa cha mtu mwingine. Akaapa kwamba akistaafu atajenga gesti yake, safi, mtu alale mpaka asahau anakokwenda. Na kweli akajenga, pale Kerege, kando ya barabara ya Bagamoyo, kwenye kiwanja alichoacha mama mkwe wake, marehemu Bi Biubwa, aliyekaanga vitumbua mahali hapo mpaka moshi ukamzoea.

Mina, mkewe, alitaka jambo moja tu.

"Baba Lulu, mama hakutuachia dhahabu. Katuachia hapa. Kibao kiandikwe 'Kwa Bi Biubwa', basi, sitaki kingine."

Bwanausi akajikohoza. Alimpenda mama mkwe wake, ila alimpendea mbali. Miaka yote ya ndoa, bibi yule akimtazama tu, chai ilimpalia.

"Nilimwogopa akiwa hai, kwa heshima zote. Sasa nimwogope na kwenye kibao?"

Yeye alitaka jina la Biblia. Shida ni kwamba barabara ile yote ilishayamaliza. Bethania ni ya fundi wa kuchomea mageti, Galilaya saluni, Yeriko wanaosha magari, Sayuni wanauza chakula cha kuku. Ndipo Bwanausi akavaa miwani akaingia kule ambako wasomaji wengi hupita mbio, kwenye koo za watu waliorudi kutoka utumwani Babeli. Ukoo wa kwanza kutajwa, wa kwanza kabisa: wana wa Paroshi, watu elfu mbili na ushei.

"Unaona?" akamwambia mkewe, kidole kikigonga ukurasa. "Wa kwanza! Elfu mbili! Na wote wasafiri! Hawa walikuwa wakubwa, Mama Lulu. Mtu hatangulizwi bure."

"Maana yake nini?"

"Maana yake wakubwa."

"Nakuuliza jina, sikuulizi cheo."

Hapo ndipo Bwanausi alipojifunga kamba mwenyewe. Mbele ya mafundi na majirani akatamka: "Akitokea wa kunionyesha kasoro ya jina hili, Mama Lulu aandike la mama yake, na ngazi nitamshikia mimi!"

Mina alimwita tu kaka yake, Hija, aje kutoka Miono siku ya ufunguzi.

Sasa Hija alikuwa shemeji, na shemeji ni mtani, na mtani kwenye shughuli hana breki. Kibao kilikuwa kimefunikwa kanga. Hija akaishika pindo akakataa kuifunua.

"Hii kanga ya dada yangu. Haifunuliwi mpaka nipewe paja la kuku."

Akapewa paja. Akasema hilo ni la kifaranga, akaongezwa la pili. Ndipo kanga ikashuka, watu wakapiga vigelegele: GESTI YA WANA WA PAROSHI, herufi nyekundu, na chini yake mchoro wa kitanda.

Padri Gaspari, aliyekuja kubariki nyumba, alikuwa ameshainua maji ya baraka. Akasoma kibao. Mkono ukabaki juu. Akasoma tena, mashavu yakaanza kumtetemeka kama mtu anayezuia chafya.

"Mzee Bwanausi, jina hili nani alikupa?"

"Nimelichimba mwenyewe, Padri."

"Ulichimba mpaka kwenye Kiebrania?"

"Niliishia kwenye Kiswahili, Padri. Kulikuwa kunatosha."

Padri akashusha maji. "Paroshi, kwa Kiebrania, ni kiroboto."

Hija, paja mkononi, akaanza kujikuna kwapa polepole. Jirani yake akajikuna shingo. Haikupita muda turubai zima la wageni lilikuwa linajikuna, wengine kwa utani, wengine kwa dhati, maana ukitajiwa kiroboto mwili hausubiri ushahidi.

Aliyeruka ni Bwana Lalji, mwenye duka kule Bagamoyo mjini, aliyeuza magodoro yote ya gesti.

"Jamani! Jamani! Godoro yangu haina kiroboto! Bado iko ndani ya nailoni! Nendeni mtazame!"

"Tunakuamini, Bwana Lalji," akasema Hija. "Wako kwenye kibao tu. Ila ni elfu mbili na ushei."

Bwanausi alikuwa amelowa jasho, lakini dereva wa malori hakubali kwamba amekosa njia mpaka aone bahari. "Padri, wale walikuwa watu wakubwa au si wakubwa?"

"Walikuwa ukoo mkubwa sana. Na si wao peke yao. Alikuwapo Shafani, yaani pimbi, na Akbori, yaani panya, wote watu wa nyumba ya mfalme. Hata Daudi alijiita kiroboto mbele ya Sauli."

"Mnasikia? Daudi!"

"Alikuwa anaomba asiuawe, mzee. Katoka kujificha pangoni."

"Pangoni!" Hija akadaka. "Kwa jina hilo, shemeji, hata Daudi gesti hakulala."

Watu wakacheka mpaka sahani zikamwagika. Hija akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na ngazi, akamwegemezea shemeji yake kifuani. Mina alikuwa amesimama pembeni, rangi na brashi tayari kwenye ndoo. Hakucheka. Alikuwa anautazama ukuta, pale mama yake alipokuwa akiweka jiko.

Bwanausi akaishika ngazi, ila hakuisogeza.

"Padri, mtu ampe mwanawe jina la kiroboto kwa sababu gani? Hakuna sababu?"

"Hakuna ajuaye kwa hakika. Wengine hudhani mtoto alizaliwa mdogo sana. Wengine hudhani wazazi waliofiwa walimpa jina baya ili kifo kimdharau, kimpite."

"Hilo hata kwetu lipo," Hija akateleza ulimi. "Miono tulikuwa na mzee anaitwa Jalala. Kawazika wote waliomcheka."

Bwanausi akanyooka kama aliyetiwa upepo mpya. Akaiweka ngazi chini.

"Basi nimeshinda! Hilo si tusi, ni kinga! Mama Lulu, umemsikia Padri? Kwa jina hili, kifo kikifika hapa Kerege, kikisoma kibao, kinapita!"

Mina akachukua brashi, akaichovya kwenye rangi.

"Kitapita, Baba Lulu," akasema. "Na wateja nao wakisoma, kitawapa lifti."