Mfarishi wa Bibi Huda

Nyumba ya Bibi Huda ilikuwa ya zamani, ya chini, kwenye kichochoro cha mtaa wa Satwa nyuma ya maduka ya mafundi cherehani, na ua wake ulikuwa na maua mengi kuliko nafasi. Mwasumini ulipanda ukutani, mawaridi yalikaa kwenye madebe, na bogenvilea ilikuwa imeuangukia mlango hata mgeni aliingia kwa kuinama. Aliyeyatunza yote hayo ni Rosina. Aliletwa ng'ambo hii kutoka Njombe aje apike na kufua, lakini siku aliyofika bibi alimshika viganja, akavitazama, akasema, "Wewe umelima." Tangu hapo asubuhi zao zikawa za maua, na mchana, jua linapochoma, zikawa za sindano.

Bibi alizaliwa Unguja, akaondoka msichana mdogo, na miaka yote ya ugeni haikumtoa Kiunguja kinywani. Mumewe alikwisha kufa. Mwanawe wa pekee, Badawi, aliishi mtaa wa Al Mankhool, mji uleule. Alikuja kila Ijumaa, akanywa kahawa, akaenda zake. Basi wanawake wawili wale walikuwa wakishona mfarishi, tandiko la kitandani. Bibi alikata vitambaa kwa umbo la petali na majani, Rosina akazikunja kingo kwa ncha ya sindano na kuzishonea juu ya kitambaa cheupe, kwa mishono midogo isiyoonekana. Kila ua la pale uani lilitakiwa liwemo. Rosina aliipenda kazi ile. Alikuwa akitoka kuchuma waridi, analiweka pajani karibu na kitambaa chekundu, analigeuza na kulitazama, hadi akasahau kabisa kwamba yeye ni mfanyakazi wa watu.

Mwezi wa nne mdogo wake, Wilbard, akapiga simu. Mama yao alikuwa mgonjwa, hali chakula, naye anamtaka Rosina. Mchana ule Rosina akasema, "Bibi, mama yangu anaumwa. Naomba niende nikamwone."

Bibi hakuinua macho. "Utakwenda, mwanangu. Kwani nani kakukataza? Tumalize mfarishi kwanza, umebakia kidogo tu. Mwisho wa mwezi inshallah utakwenda."

Mwisho wa mwezi ulipofika bibi alikumbuka kwamba hawajaweka ua la kilua.

"Lakini hapa uani hakuna kilua, Bibi."

"Kwetu kilikuwepo."

Baada ya kilua kikaja langilangi, baada ya langilangi afu, kisha maua ambayo hata jina lake bibi hakulijua tena. Aliyaona utotoni tu, kwenye kitanda cha mama yake. Hayo nayo akayakatia vitambaa. Ndipo Rosina alipoelewa kwamba mfarishi ule hautaisha, kwa sababu mwenyewe hataki uishe. Bibi aliogopa kubaki peke yake katika nyumba ile.

Pasipoti ya Rosina ilikuwa kwa Badawi. Ijumaa moja Rosina alimpelekea kahawa akiwa amejiandaa kumweleza. Maneno yalikuwa mdomoni. Akageuka, akakutana na macho ya bibi yakimtazama, macho ya mtoto anayemwona mama yake akivaa viatu. Rosina akaweka sinia mezani, akarudi jikoni.

Mwezi wa saba joto likafika pale linapoua. Alimwagilia alfajiri, na kabla ya adhuhuri majani yalikuwa yamekunjamana kama karatasi iliyopitiwa na moto. Mawaridi ndiyo yaliyotangulia kufa. Alikuwa akiyang'oa simu ilipolia.

"Dada," Wilbard alisema. "Mama ametutoka."

Rosina akaketi palepale kwenye saruji ya moto. Bibi akatoka, kastabani yake ya kushonea bado i kidoleni, akamwona, na hakuhitaji kuambiwa. Akajishusha kwa taabu, akaketi kando yake. Walikaa hivyo wakiungua wote wawili.

"Badawi atakukatia tiketi leo," bibi alisema mwishowe. "Chukua na mfarishi. Ukamfunike mama yako."

"Nitakapofika, Bibi, udongo utakuwa umeshamfunika."

Hakulisema kwa hasira, na pengine ndiyo maana bibi alilia.

Badawi alikuja na pasipoti, uso umemshuka. "Rosina, mama yako mgonjwa miezi yote hii! Mbona hukuniambia?"

Bibi alikuwa mlangoni, akisikiliza. Rosina alimtazama, kisha akatazama chini. "Nilidhani atapona, sir."

Aliondoka na begi lake tu.

Njombe ilikuwa baridi na ukungu, na kaburi lilikuwa na siku mbili. Wilbard alimpeleka, wakasimama. Rosina akauliza kama mama aliteseka.

"Mwili, si sana," Wilbard alijibu. "Lakini kila gari lililopita barabarani alikuwa akiuliza, 'Ni Rosina huyo?'"

"Nanyi mlimjibu nini?"

"Tulimwambia uko njiani."

Rosina alijifunga kanga vizuri mabegani, akatangulia kurudi nyumbani.

Wiki chache baadaye Badawi akapiga simu, akasema mama yake anataka kuzungumza.

"Mwanangu," bibi akasema, "wameniletea msichana mwingine. Mzuri, lakini hatuelewani maneno. Utarudi lini?"

"Sirudi, Bibi."

"Nimekukosea."

Rosina alitaka kusema hapana, kama alivyozoea. Nje Wilbard alikuwa akipasua kuni, na sauti ya shoka ilikuja, ikakoma, ikaja.

"Alikuwa akiniulizia," alisema. "Kila siku alikuwa akiniulizia."

Kisha simu ikakatika, naye Rosina hakujua kama ni mtandao au ni mkono wa bibi. Alingoja kidogo, pengine italia tena. Haikulia.